Mdoli wa Picha

Zahara, bado nina hasira! Unamkumbuka Kulthum wa Kisenyi, tuliyepakana naye vitanda hapa wodini? Yule ambaye binti yake Taqwa ana saratani ya damu?

Leo wamekuja wageni kutoka kwa wafadhili wa hospitali. Mpiga picha wao akamwambia, "Mama, mvue mtoto kofia. Upara usipoonekana, picha haitii huruma."

HAITII HURUMA! Mtoto wa miaka mitano!

Kulthum akakataa. Yule bwana akaivua mwenyewe, akampakatisha Taqwa mdoli mkubwa. "Haya, cheka." Akacheka, maskini.

Picha ilipokwisha akamnyang'anya mdoli, akampelekea mtoto wa kitanda kingine apigwe naye picha. Mdoli ule ule, dada!

Kulthum anamvisha kofia, Taqwa anamuuliza, "Mama, kwani sikucheka vizuri?"