Yale Makato Uliyoniachia Benki

Baba Neema, mume wangu,

Habari ya huko uliko sina namna ya kuiuliza, kwa hiyo nakupa ya hapa. Hapa dukani Mukendo, mjini Musoma, tuko salama, vitenge vinatoka kidogo kidogo, na mkeo bado ana hasira za karibu kama ulivyomwacha. Hasira hizohizo ndizo zilizonipeleka benki juzi juzi, nusura zifute kazi yako yote. Acha nikusimulie, halafu nikushukuru vizuri.

Kuna jambo tulikuficha. Ulipokuwa umelazwa, umeme ulirudi kwa kishindo ukaunguza laptopu yako. Tuliogopa kukuongezea ugonjwa, tukanyamaza. Ulipoondoka, kwaya wakanijia kwa adabu. "Mama Neema, nyimbo za mwalimu ziko wapi? Siku ya misa yake ya kutimiza mwaka, kule kwao Butiama, tunataka tuimbe za kwake tu." Nikawaonyesha laptopu. Miaka yote ile ya kutunga, na kilichobaki ni kopi chache zilizofifia, nyingine zimeliwa na panya kabatini kanisani. Mzee Magesa, kiongozi wako wa besi, alitoka nje akajifanya anapokea simu. Simu yenyewe alikuwa ameiacha mezani.

Mimi niliumia kwa namna yangu. Nyimbo hizo nimezipikia, jamani! Ulikuwaga unakuja jikoni nakaanga sato, unagonga sufuria na kijiko. "Sikiliza, Mama Neema, waimbaji wa tena wanaingia hapa!" Nami nakujibu, "Waingie tu, samaki anaungua." Unacheka, unarudi sebuleni, unaandika. Nilidhani nitakusikia hivyo mpaka tuzeeke.

Sasa hilo la benki. Niliona salio haliendani na mauzo yangu, nikaenda kuomba taarifa ya akaunti. Loo! Kila mwezi, tarehe ileile, kuna jina la Kizungu nisilolijua limechukua hela. Mwezi huu imepanda kidogo, mwezi ule imeshuka kidogo, na chini yake benki nao wamekata ada yao. Nikamwambia binti wa dirishani, "Mwanangu, nimeibiwa mchana kweupe. Funga kadi sasa hivi." Unaijua sauti yangu. Foleni nzima iligeuka.

Yule binti hakupaniki. "Mama, mwizi hakati kidogo kidogo kwa tarehe moja. Mwizi anakomba yote. Hii ni huduma mtu amejiunga, inalipiwa kila mwezi. Wanakata kwa dola, ndiyo maana shilingi zinapanda na kushuka. Na jina hili ni la kampuni inayopokea hela, huduma yenyewe inaweza kuwa na jina lingine kabisa. Kuna mtu mwingine amewahi kutumia kadi yako?"

Nikamjibu kwa ukali kwamba kadi yangu haijawahi kushikwa na mtu. Nikiwa bado nimefungua mdomo, nikakukumbuka umesimama mlangoni, mimi nakanda unga wa chapati. "Mama Neema, niazime kadi yako. Kuna kitu nataka kujaribu, ni bure." Nikakuuliza, "Bure gani hiyo inayotaka kadi?" Ukasema, "Wanaitaka tu." Nikakuonyesha pochi kwa kidevu, maana mikono ilikuwa na unga.

Nilipomweleza, binti alitabasamu. "Ndivyo wanavyofanya, mama. Wanakupa kujaribu bure, muda ukiisha kama hujawaambia basi, wanaanza kukata."

Nikasema, sasa mbona sikuwahi kupata meseji? Akaangalia: meseji zote za benki zilikuwa zinaingia kwenye namba yako. Eh, wewe mzee! Kumbe ulikuwa unaona wanakata na umenyamaza. Ndipo nikaelewa zile hela ulizokuwaga unaniwekea chini ya kikombe kila mwisho wa mwezi, unasema ni za sukari. Nilikuwa najiuliza, sukari gani tunakunywa sisi watu wawili. Ulikuwa unanirudishia, na ulikuwa unaogopa kelele zangu. Nilicheka palepale dirishani, machozi yananitoka, binti wa watu hajui anipe kalamu au kitambaa.

Nilitaka bado aifunge hiyo kadi, maana hela ni hela. Akaniambia, "Kwanza tujue ni nini. Ukifunga, huduma inasimama, na pengine kuna kitu unakihitaji. Tafuteni risiti kwenye barua pepe yake." Mungu ambariki mtoto yule.

Simu yako anayo Neema kule Bunda anakofundisha, alikuwa ameizima tangu msiba. Nikampigia aiwashe atafute hiyo risiti, nikarudi dukani. Kabla sijafungua robota la vitenge, akanipigia anapiga kelele. "Mama! Ni programu ya baba ya kuandikia nota! Nyimbo hazikuwa kwenye laptopu peke yake, ziko kwao huko mtandaoni. Mama, zote ziko hapa!" Nilikaa juu ya lile robota nikalia. Wateja wakadhani nimefiwa tena.

Neema alizichapa zote, akanikuta Musoma na bahasha nene. Ya mwisho hatukuijua. Wimbo wa shukrani, uliuanza kabla hujalazwa. Sauti ya kwanza ipo, ya pili ipo, ya tatu ya tena ipo. Mistari ya besi mitupu. Wanakwaya hawakushangaa, maana besi ulikuwaga unaiacha mwisho, unawafundisha wanaume kwa mdomo kwanza, ikikaa sawa ndipo unaiandika. Wakamwomba Mzee Magesa aijaze. Akakataa katakata. "Mimi ni nani nimalizie wimbo wa mwalimu? Tuimbe sauti tatu, inatosha."

Basi tukaenda Butiama hivyo. Misa ilifanyika uani kwenu, karibu na ulipolala, ndugu wote wapo. Baada ya komunyo tukauanza. Wanaume wa besi wamesimama mstari wao, wamefumba midomo. Ubeti wa kwanza ukaisha. Wa pili ulipoanza, nikasikia kitu chini kabisa, kinaguna. Ni Mzee Magesa, macho ameyafumba. Akaingia jirani yake, akaingia wa tatu, mpaka mstari mzima. Hakuna aliyewafundisha, Baba Neema, wala hawakupanga. Na hakuna aliyekosea. Miaka mingi umewapa besi kwa mdomo wako, walijua tu wewe ungepita wapi.

Mwezi ule niliacha makato yapite kwa hiari yangu. Neema alimkalisha Mzee Magesa na wenzake, wakaimba, akaiandika besi yao kwenye ile mistari. Kisha tukahifadhi nakala kila mahali, tukasitisha malipo kwa utaratibu kama yule binti alivyotuelekeza.

Asante kwa nyimbo, mume wangu. Asante kwa kulipa kimyakimya kitu ulichokipenda bila kuninyima changu. Pumzika, mwalimu. Wimbo wako una sauti zote nne, na waliouongezea ya nne ni wale uliowafundisha.

Ni mimi mkeo,
Mama Neema