Kiraka cha Nyama Hai

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje, na usingizi unakuja siku hizi? Sisi huku tunapumua, tunashukuru. Gauni lako limebaki kutiwa vifungo tu. Cherehani imepumzika tangu nihamie hapa wodini kumuuguza mdogo wangu.

Najua bado umemkasirikia Mziwanda wako. Ulisema hutaki hata kuisikia sauti ya mtu aliyetengenezewa mguu akauchezea. Ndiyo maana naandika. Kwa simu ningelia tu.

Lile bati lilipomponyoka pale juu ya paa, lilimchuna kuanzia juu ya kifundo cha mguu hadi kisigino. Mfupa haukuvunjika, ila ulibaki wazi, na daktari akatueleza kuwa mfupa mtupu haushiki ngozi peke yake, unataka nyama yenye damu. Nilimwomba achukue ya mguu wangu, maana ninayo ya kugawa. Akacheka, akasema mwili hukataa nyama ya mwingine, hata ya ndugu wa tumbo moja. Basi akakata kipande kwenye shavu la mguu wa Mziwanda mwenyewe, akakiacha kimeshikwa upande mmoja ili damu iendelee kupita, akakigeuza kufunika kidonda. Ushonaji ule, mama! Mimi na ufundi wangu wote nilinyoosha mikono.

Mziwanda alilala na mguu juu ya mito, akimtania muuguzi kuwa siku hizi mguu una cheo kuliko mwenyewe. Muuguzi alikuwa akikibonyeza kile kipande kwa kidole aone kama rangi inarudi, na ilikuwa inarudi. Alituonya bendeji iachwe legelege, hata ikitazamika vibaya.

Asubuhi moja wakafungua, wakakuta kipande kimekuwa cheusi na baridi. Daktari akauliza nani aliikaza bendeji. Mziwanda akawahi kujibu kuwa ni yeye, ilikuwa inamkera. Alisemwa mbele ya wodi nzima. Nami nikakupigia simu, nikakueleza hivyo hivyo.

Mama, si yeye. Ni mimi. Yeye alikuwa amelala kwa dawa. Bendeji ilikuwa imelegea, ncha inaning'inia, na unanijua, siwezi kuona kazi imelegea nikatulia. Nikaifungua, nikaivuta sawasawa, nikaipiga pini. Ilipendeza, nikajisifu moyoni. Kumbe nilikuwa nainyonga nyama ya mdogo wangu.

Nilipomuuliza kwa nini alijisingizia, alisema wangenifukuza wodini, naye hataki kuuguzwa na mtu mwingine. Kuhusu hasira zako hakusema kitu, ila simu yoyote ikilia humu ndani anageuka kutazama yake. Najuta, mama. Vifungo vya gauni lako ninavyo hapa kwenye mkoba na nimeshindwa hata kuvigusa.

Daktari nimeshamwambia ukweli. Akasema nibaki, ila mikono yangu ikae mbali na bendeji. Kesho asubuhi watachukua nyama ya paja pamoja na mishipa yake, waiunge pale mguuni. Hii nayo ikifa, watakata chini ya goti.

Baba watoto anakuletea barua hii leo hii, na nimemwambia asiondoke mpaka umeimaliza. Mpigie mwanao kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Mimi utanigombeza baadaye, nitapokea yote.

Msalimie baba, na majirani wote wanaotuulizia.

Ni mimi mwanao,
Fundi

Simu yake nimeijaza chaji. Iko chini ya mto wake.