Pantomimu ya Gahanna, na Mimi Kimya

Jumamosi, Desemba 2015. Theluji ya asubuhi imekuwa matope kwenye parking, na mimi sina raha hata kidogo.

Leo nimekwenda Gahanna, mji wa jirani, kumtazama Neema, binti yangu, akiigiza. Mwalimu wake wa maigizo ni Mwingereza, na kila Krismasi huandaa pantomimu, mchezo wa kwao wa familia nzima. Wiki nzima kazini, pale warehouse, niliwaza siku hii tu. Dada yangu yuko Buffalo, wifi yangu Louisville. Hapa Whitehall tuko wawili, Neema na mimi, na siku hizi mmoja wetu anaishi ndani ya simu.

Kabla hatujatoka alinishika mkono. "Maman, please, usipige ile makelele ya kanisa. People will look."

"Bon, nitanyamaza," nikamwambia.

Iliniuma. Kwetu mtoto akisimama mbele ya watu, hata kama ni kusoma mstari mmoja wa Biblia, mama yake hupiga vigelegele. Asipopigiwa, watu huulizana kama mama yupo. Lakini nilivaa kitenge changu kizuri, nikaketi safu ya pili, nikafunga mdomo.

Pazia lilipofunguka, jamani! Mwanaume mwenye ndevu kavaa gauni na kifua cha mito, eti ndiye mama wa nyumba. Neema wangu kavaa buti, ndiye kijana shujaa. Na watazamaji sasa! Mwovu akitokea wanamzomea. Akisema ndiyo, wao wanajibu siyo, mababu kwa wajukuu, kwa nguvu zote. Ni kanisa letu kabisa, ila mahubiri hakuna.

Mimi kimya. Niliahidi.

Kisha mwovu akaanza kumnyatia Neema kwa nyuma. Desturi yao ni kwamba shujaa haoni kitu mpaka watu wamwonye. Ukumbi mzima ukapiga kelele kwa Kiingereza kwamba yuko nyuma yake. Neema akaweka kiganja sikioni kama hasikii, akatembea mpaka mbele yangu, akaniangalia. Akangoja.

Nilimtabasamia tu.

Ndani ya gari, tulipokaribia nyumbani, akasema: "All the moms were shouting. Mimi nilikuwa nangoja wewe, Maman." Kisha akageukia dirisha.

Nilitaka kumwambia kwamba ni yeye aliyeniziba mdomo. Nikanyamaza tena. Sasa kajifungia chumbani kwake, na mimi nawaandikia watu nisiowajua hapa mtandaoni, maana sina mwingine wa kumwambia. Naogopa. Katika nchi hii nimekuwa hodari mno wa kunyamaza: kazini, dukani, shuleni kwake, na leo mbele yake.

Kesho mchana wanaigiza mara ya mwisho. Nina shift, lakini nimeshamtumia supavaiza ujumbe kwamba siji, na akasirike. Mwovu akimnyatia mwanangu, nitapiga kelele kwa lugha gani?

Kwa ile itakayotoka kwanza.