Nilimfuta Weupe Usoni

Shoga, leo nimeharibu!

Mtoto wa dada yangu, yule mwenye ualbino, alikuwa na michezo shuleni. Mama yake alimpaka losheni ya jua, uso mweupe pe kama kaangukia unga. Mimi nikaona aibu, nikamfuta kwa kanga pale getini mwa shule nilipompeleka. Nikamfuta, shoga! Kwa mikono yangu!

Saa nane namfuata, mashavu yameiva, pua ina malengelenge.

Dada hakupiga kelele. Bora angepiga. "Ule weupe ni zinki. Ndiyo inayozuia jua lisiingie kwenye ngozi. Umemfuta kinga yake."

Umemfuta kinga yake!

Mtoto naye, midomo imevimba: "Mama, usimgombeze. Alikuwa hataki nichekwe."