Shangazi Hatatumiwa Video

Jumapili

Na bado nina hasira. Mwanangu Baraka alipiga hatua zake za kwanza leo, dada yake, Wanjiru, akamsukuma, akapasuka mdomo. Nilikuwa nimeshainua mkono nimchape.

“Shangazi alisema mtoto akitembea, mimi napelekwa kuishi Ndabibi kwa cucu,” akalia, yaani kwa nyanya yake.

Shangazi mwenyewe, dadake mume wangu, alikuwa hapo kwa kiti akinywa chai yangu. “Ai, Mama Wanjiru, nilikuwa namtania tu.”

Kumtania mtoto wa miaka minne! Nikachukua mkoba wa huyo shangazi nikauweka nje ya geti.

Jioni Wanjiru alimshika Baraka mkono, wakavuka sebule pamoja, nikawarekodi kwa simu. Naogopa Wanjiru bado hajaamini kwamba haendi popote.

Video nimetumia ukoo mzima. Shangazi nimemruka. Wacha aombe kuonyeshwa.