Bunduki Iliyolazwa kwa Jiwe

Mjukuu wangu Wafula,

Salamu kutoka Kiminini. Mtoto anaota meno na silali, lakini tuko. Kwa ukoo mimi ni nyanya yako, hata kama tumepishana miaka michache, kwa hivyo nisikilize.

Unasema huko mafunzoni mnalaza bunduki kwa mawe, yako inapiga juu, na Jumatatu mtapimwa kulenga, atakayekosa arudishwe nyumbani. Baba yangu, askari wa msitu huko Suam, alikosa nguruwe mwitu siku tatu, risasi zikipita juu, kila siku akigeuza kilengeo, kile chuma cha kulengea juu ya mtutu. Mama akamwambia, "Baba Nekesa, ulipoipima bunduki iliegemea gunia. Sasa mtutu umeulaza kwa jiwe, ukipiga unaruka. Kwani wewe ukilala kwa jiwe unaamka sawa?"

Alirudisha kilengeo kilipokuwa, akaweka gunia, akampata nguruwe. Hakumshukuru, lakini gunia hilo alienda nalo kazini mpaka akastaafu.

Usiguse kilengeo, Wafula. Tafuta gunia.

Nyanyako, Nekesa