Bolti ya Pampu ya Maji Imo Kwenye Kopo la Vifungo

Bibi Mshauri mpendwa, nakuandikia nikiwa ndani ya gari lisilokwenda popote, nimekaa kiti cha abiria, mlango wazi, mguu mmoja nje, na msaada ninaouomba ni wa aibu kidogo, kwa hiyo usinicheke kabla hujafika mwisho, ukishafika cheka utakavyo.

Gari ni letu, limesimama uani tangu lilipochemsha njiani mume wangu akitoka kazini, mvuke ukamfunika akadhani ni moto, kumbe pampu ya maji imekufa, beringi imelegea na maji yote yanamwagika chini, na kwa kuwa yeye hapendi mkono wa mtu mwingine kwenye kitu chake, akasema gereji haendi, ataomba likizo aibadilishe mwenyewe hapa nyumbani. Kazi yake ni mkaguzi wa mizani, anazunguka madukani na kwenye maghala kuhakikisha kilo ni kilo, anaondoka alfajiri anarudi giza limeingia, anakula, anasema asante mke wangu, analala, na mimi nina cherehani yangu sebuleni, nashona sare na mapazia ya watu, watoto wameshaoa na kuolewa wakaenda zao, basi nyumba yetu ina amani, Bibi Mshauri, amani ya kusikia friji ikikohoa.

Sasa sikia ilivyoanza. Siku ya kwanza aliniomba nikae ndani ya gari nimpe spana kupitia dirishani, maana mgongo wake hautaki tena kuinama na kuinuka, nikakaa, na kwa vile boneti ilikuwa juu sikumwona uso, niliona boneti tu imeziba kioo cha mbele, na chini yake mwanya mwembamba, na humo mwanyani mikono yake ikija na kuondoka, nyeusi kwa grisi, na jua la alasiri likipenya hapo hapo na kutua juu ya dashibodi, nikawa natazama ile mikono kama mtu anayetazama maji yakipita, ndipo akaniuliza, bila kuniona maana hata yeye hakuweza, "Hivi wewe, ukikaa kwenye cherehani siku nzima, huwa unawaza nini?"

Nilibaki na spana kifuani. Tangu tuoane hajawahi kuniuliza hivyo, na sikujua kwamba nina jibu, lakini nilikuwa nalo, nikamwambia kwamba kila pazia ninaloshona huwa nahamia nalo kwenye nyumba linakokwenda, nachagua chumba, nachagua upande wa dirisha, naweka viti viwili, kimoja changu kimoja chake, na jioni narudi kupika bila yeye kujua kwamba tulihama, na nilipomaliza kusema chai niliyomletea ilikuwa imepoa na ile mikono mwanyani ilikuwa imetulia, haifanyi kazi yoyote.

Tangu hapo ikawa kila alasiri. Yeye akaniambia kwamba utotoni alikuwa akilala juu ya magunia kwenye ghala la baba yake, akitazama vumbi likipanda kwenye mwanga, akiamini ule ni uzito wa nafaka unatoroka, na kwamba mpaka leo akiingia ghala la mtu hutazama juu kwanza kabla ya kutazama mizani. Nimelala na mtu huyu miaka yote hiyo sikujua kwamba hutazama juu. Nikawa naamka asubuhi nikingoja alasiri, nashona mishono imepinda, wateja wananung'unika, mimi natabasamu tu.

Lakini kazi ya mume wangu haina mchezo. Alipofungua pampu ya zamani alichukua kipande cha boksi, akachora juu yake umbo la pampu, akatoboa matundu, kila bolti akaichomeka kwenye tundu lake, kwa sababu, alivyonieleza, hazilingani urefu, iliyo fupi haikazi na iliyo ndefu ukiilazimisha pasipo pake inaweza kupasua injini. Akakwangua gasketi iliyokufa mpaka chuma kikang'aa, akaileta pampu mpya, akaipakata akiifuta kwa kitambaa, akasema kwa furaha, "Kesho tunamaliza." Kusema kweli neno kesho lilinichoma. Alipokwenda kunawa mikono, nikachomoa bolti ndefu kwenye boksi lake, nikaitia mfukoni, kisha kwenye kopo langu la vifungo, na kesho yake pampu haikufungwa.

Sasa ninateseka. Kila alasiri baada ya chai anafunga sumaku kwenye kamba na kuiburuta chini ya gari kuitafuta bolti, pale pale, polepole, huku tunaongea. Juzi alikwenda kwa miguu hadi duka la spea, akarudi na mipira ya rejeta, na mkanda mpya, na dumu la yale maji ya kijani ya kupoza injini, lakini bolti hakuleta, nikamuuliza, akasema amesahau. Yeye asahau. Halafu akacheka kidogo akasema, "Mke wangu, nahisi mizani ya kichwani mwangu imeanza kusema uongo," nikaingia ndani nikalia juu ya pazia la mtu. Na siku moja aliniletea kopo la vifungo kutoka kabatini, akalipimapima mkononi kwa mazoea yake ya kazi, akaliweka kando yangu, akauliza tu kama chai iko tayari.

Na wifi yangu, dada yake, anayekaa nyumba ya pili, amechoka kuona gari limeota mizizi, amesema Jumamosi analeta fundi wake, bolti yoyote itapachikwa ilimradi gari liwake, na Jumatatu likizo ya mume wangu inakwisha. Nifanye nini, Bibi Mshauri? Nikisema ukweli, naogopa hataongea nami tena kupitia ule mwanya. Nikinyamaza, mume wangu ataamini kwamba anachanganyikiwa. Nimefikiria pia kuiangusha bolti chini ya gari kimyakimya aiokote mwenyewe. Mimi si mtu mbaya, nilitaka kesho ichelewe kidogo tu.

Mke wa Mkaguzi

JIBU

Mke wa Mkaguzi,

Nimecheka, kama ulivyoniruhusu, halafu nilipofika kwenye ile mikono iliyotulia nikaacha. Dada yangu, wewe ni mwizi. Mwizi mpole, mwenye sababu nzuri, lakini mwizi, na bolti si kitu kikubwa ulichochukua. Umemwacha mtu mwenye akili timamu aanze kukipima kichwa chake mwenyewe kwa kosa ambalo si lake. Hilo likome leo hii, gazeti likiwa bado mkononi mwako.

Kuiangusha chini ya gari usithubutu. Sumaku imepita hapo kila siku. Akiiokota hapo, ataacha kuamini kichwa chake na macho yake pia, na wewe utakuwa na uongo wa pili wa kulisha.

Wifi yako mshukuru, mpikie chochote, mwambie fundi wake apumzike nyumbani Jumamosi. Wewe mwenyewe umenieleza bolti isiyo yake inaweza kufanya nini kwenye injini. Ukikaa kimya ukatazama akiipachika, hapo hata mimi sitakuwa na neno la kukutetea.

Hilo la friji nalielewa. Wengi huniandikia kwamba wameumizwa na maneno ya waume zao, na wewe umeumizwa na asante. Lakini umefanya kosa la kudhani kwamba mazungumzo yanatoka kwenye ubovu wa gari. Boneti huinuka hata gari likiwa zima. Maji ya rejeta yanatakiwa kukaguliwa, mkanda unatakiwa kutazamwa, na kiti cha abiria hakijaandikwa kwamba ni cha safari peke yake. Kabla Jumatatu haijafika, chagueni siku yenu ya kila wiki, boneti juu, chai pembeni, na mteja yeyote atakayekuja kuulizia pazia aambiwe uko kazini.

Na pampu ikishafungwa, usikimbilie ndani kupika. Gari likiwashwa baada ya kazi hiyo huachwa liungurume pale pale, kifuniko cha rejeta wazi tangu injini ikiwa baridi, mpaka hewa yote iliyonaswa itoke. Hakuna fundi anayeweza kuharakisha hilo. Kaa kwenye kiti chako umuulize yeye anawaza nini akiwa ghalani.

Sasa nikuambie kilichonifanya niisome barua yako tena. Mumeo alikwenda kwa miguu hadi duka la spea, akakumbuka mipira, mkanda na maji ya kijani, akasahau kitu kimoja kilichompeleka, ambacho wanacho kwenye kopo pale pale kaunta. Anatafuta mahali pale pale kila siku, baada ya chai, polepole. Na kabla ya hapo au baada, mtu ambaye kazi yake ni kujua pakiti ipi imepungua na ipi imezidi alishika kopo lako mkononi, akalipima, akaliweka kando yako, akaulizia chai.

Simjui mumeo. Huenda amesahau kweli na anaogopa, basi kila siku unayongoja ni dhambi. Huenda anajua na anangoja, kama wewe. Kwa vyovyote dawa ni moja. Leo alasiri ingia kwenye kiti chako. Kopo usilifungue. Mpe zima kupitia dirishani, kama unavyompa spana, umwambie, "Nilichukua mimi. Sikutaka umalize."

Kisha tazama ile mikono mwanyani. Ikilipokea kopo bila kushtuka, dada yangu, mwulize tangu lini alijua.